Kuchomewa na Kunyongewa: Usimulizi katika Makumbusho ya Amani ya Lari

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Naivasha kwa barabara ya juu hufika Kimende kabla barabara haijaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Ni mji mdogo wa soko, wenye baridi na ukungu mwingi. Matatu husimama hapo kwa dakika chache tu, abiria wakanunua karoti, kabichi na viazi bila hata kushuka. Wengi wao hawajui kwamba wamo katika eneo la Lari, na walijualo jina hilo hulijua kutokana na vitabu vya historia vya shule, ambamo aghalabu Lari hutengewa mistari miwili au mitatu na somo likasonga mbele. Hapo Kimende, mwaka 2001, kikundi cha wenyeji kilianzisha Makumbusho ya Amani ya Lari. Hayakuwa mradi wa serikali wala tawi la Makumbusho ya Taifa. Walioyaanzisha ni wanakijiji waliojitolea, na miongoni mwao walikuwamo wazee waliokuwa Mau Mau na wazee waliokuwa homgadi, yaani wale askari wa kijiji waliotumikia serikali ya kikoloni. Watu hawa waliwahi kuwindana. Sasa walikutana kuamua ni kifaa gani kiwekwe kwenye rafu, na kisemewe nini.

Msomaji wa jarida la uhakiki ana haki ya kuuliza mambo haya yanamhusu nini. Jibu limo katika kazi yenyewe wanayoifanya watunzaji wa makumbusho hayo. Kila mlango unapofunguliwa na mgeni akaingia, wanakabiliwa na maswali yaleyale ambayo mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuyauliza mbele ya riwaya: nani anasimulia, anamsimulia nani, kisa kianzie wapi, mhusika aitwe kwa jina gani. Ila mwandishi wa riwaya akikosea kuichagua nafsi ya usimulizi, hasara yake ni kitabu kibaya. Kimende, msimulizi anaishi na wajukuu wa wahusika wake. Hukutana nao kanisani, sokoni na mazishini, nao wana masikio.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, miezi mitano baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari, vikundi vya wapiganaji wa Mau Mau vilivamia maboma ya Lari yaliyohusishwa na machifu na homgadi. Milango ya nyumba ilifungwa kwa nje, nyumba zikatiwa moto, na waliojaribu kutoka wakakatwa. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Luka wa Kahangara, aliyekuwa chifu, aliuawa pamoja na wengi wa jamaa yake. Usiku huohuo kikundi kingine kilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kikachukua silaha na kuwafungulia mahabusu. Hayo ndiyo yaliyotangazwa duniani. Waandishi wa habari walipelekwa Lari, picha zikapigwa, na serikali ikazieneza ili kuonyesha Mau Mau ni nini. Lakini usiku uleule, na siku zilizofuata, homgadi, polisi na askari waliingia vijijini kulipiza kisasi, wakaua watu ambao hatia yao haikuwahi kuthibitishwa mbele ya mtu yeyote. Sehemu hii ya pili haikupigwa picha.

Hapa mhakiki anapaswa kusita mbele ya jambo linalopitwa kwa urahisi, nalo ni hesabu. Wafu wa moto wana idadi rasmi: watu 74. Idadi hiyo imenakiliwa tena na tena tangu mwaka 1953, ikapata uthabiti wa aya ya sheria. Wafu wa kisasi hawana idadi ya namna hiyo. Wapo wanahistoria ambao makadirio yao ya vifo vyote vya Lari yanafika 400, lakini hayo yanabaki makadirio, kwa sababu aliyekuwa na karatasi na kalamu siku ile ndiye aliyekuwa pia na bunduki. Wanaonyongwa, kwa upande mwingine, huhesabiwa vizuri sana. Kesi za Lari ziliendeshwa Githunguri, mahali palepale ambapo palikuwa na chuo cha ualimu kilichoanzishwa na Wagikuyu wenyewe mwaka 1939 na kufungwa na serikali katika hali ya hatari. Watu 71 wakanyongwa. Ni dhahiri, basi, kwamba nambari nazo zina msimulizi. Msomaji aonapo 74 kando ya neno la jumla kama "wengineo", tayari amekwisha kuonyeshwa mahali pa kusimama ili atazame.

Zaidi ya hayo, mtu anayeanza kisa usiku wa tarehe 26 Machi amekwisha kuchagua. Miaka ya 1930, Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Carter ilipendekeza kwamba ardhi ya Wagikuyu iliyokuwa Tigoni, karibu na Limuru, iliyozungukwa na mashamba ya walowezi, itwaliwe, na wenyewe wapewe ardhi nyingine Lari. Luka na wafuasi wake walikubali kuhama. Wengine walikataa, wakaondolewa kwa nguvu, na wakajikuta hawana Tigoni wala Lari. Yaliyotokea Lari yalitokea baina ya watu waliojuana kwa majina na kwa mipaka ya mashamba, na baadhi yao kwa damu. Kisa kianzapo kwenye moto, Mau Mau ni wauaji na basi. Kikianza Tigoni, moto hauwi mdogo, watoto hawafi kwa uchache zaidi, ila wahusika wanaongezeka, na mmoja wao ni serikali iliyokuwa ikikata ardhi ya watu kwa rula.

Makumbusho ya Lari ni zao la fikra iliyoenea Kenya katikati ya miaka ya 1990. Sultan Somjee, aliyekuwa mkuu wa idara ya ethnografia katika Makumbusho ya Taifa, alianza wakati huo, kwa msaada wa shirika la Kimennoni, kuwahimiza vijana na wazee wa jamii mbalimbali kukusanya vifaa ambavyo mababu walivitumia kupatanisha: mikanda ya ushanga, fimbo, vibuyu, matawi ya miti inayoheshimiwa. Nchi ilikuwa imetoka katika mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa muongo huo, na wazo lilikuwa kwamba kila jamii inayo sarufi yake ya amani iliyosahauliwa. Makumbusho madogo ya amani yakachipuka sehemu nyingi. Mengine yaliweza kujishughulisha na mila peke yake: mkanda huu alivuliwa mama, ukatupwa katikati ya wapiganaji, vita vikakoma. Lari haikuwa na nafasi hiyo. Fimbo ya mzee wa Kigikuyu, muthigi, inapowekwa katika chumba cha Lari, mgeni hana budi kuuliza wazee wenye fimbo hizo walikuwa wapi mwezi Machi 1953.

Tena msomaji akumbuke tarehe. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa Kenya ilipopata uhuru. Iliondolewa mwaka 2003. Kwa hiyo mwaka 2001, wazee wa Lari walipoanzisha makumbusho yao, nusu yao kwa mujibu wa sheria walikuwa wanachama wa zamani wa chama haramu katika nchi ambayo wimbo wake wa kisiasa wa kila siku ulikuwa ni shukrani kwa wapigania uhuru. Kichekesho hiki kingemfaa mtunzi wa tamthilia.

Mgeni wa makumbusho ya aina hii asitarajie majengo. Hukuta chumba, rafu, na vitu ambavyo watu waliviacha majumbani kwao kwa mapenzi yao: kiondo, kibuyu, pembe ya kunywea muratina, picha zilizofifia. Mtu aliyezoea jumba la makumbusho la Nairobi huanza kwa kutafuta maandishi ya kueleza, akayakosa, au akakuta mistari michache tu inayotaja jina la kifaa na matumizi yake. Wageni wenye shahada huuona huu kuwa upungufu. Hupendekeza kwa nia njema kwamba maelezo yarefushwe, yachapwe kwa kompyuta, yatiwe katika fremu. Pendekezo hilo linastahili kupingwa, na sababu za kulipinga ndizo kiini cha makala haya.

Maandishi ya ukutani ni ya upande mmoja kwa maumbile yake. Yana nafasi ya maneno arobaini, na kila neno katika arobaini hayo ni la mtu fulani. Chukua jina la wapiganaji. Wenyewe walijiita jeshi la ardhi na uhuru, na msituni waliitwa itungati. "Mau Mau" ni jina ambalo asili yake imejadiliwa bila kukubalika, lililovumishwa na wapinzani wao, kisha likapokewa na wengi wao wenyewe kwa fahari. Magazeti ya walowezi yaliwaita magaidi. Chukua upande wa pili: serikali iliwaita watiifu; majirani waliwaita ngati au kamatimu, na maneno hayo hadi leo yakitamkwa kwa sauti fulani mbele ya mtu fulani huweza kuvunja sherehe. "Homgadi" nalo, ijapokuwa limechukuliwa kutoka Kiingereza, halikubaki jina la kazi, limekuwa tusi. Na tukio lenyewe liitwe nini? "Mauaji ya Lari", kwa umoja, ni mauaji yapi kati ya mawili? Kiswahili hapa ni cha hila, maana nomino mauaji haina umoja wala wingi unaoonekana, na anayetaka kuficha moja ndani ya lingine ana mahali pa kufichia. Hakuna kamati iliyoweza kupata maneno arobaini yatakayobandikwa ukutani mwa Lari na kusomwa bila kinyongo na nyumba zote.

Mambo hubadilika mtu anapofungua kinywa. Mtunzaji wa makumbusho, awe mzee au kijana aliyefunzwa na wazee, ni fanani kwa maana kamili ya neno hilo katika fasihi simulizi. Huiangalia hadhira yake kabla ya kuanza. Kwa watoto wa shule huanza na vibuyu. Kwa mtafiti kutoka ng'ambo huanza na chimbuko la kikundi. Kwa mwenyeji ambaye baba yake hakurudi, huenda asianze kabisa, akamwachia yeye aseme. Humtaja muuaji hapa, akamwacha bila jina pale, kulingana na nani amesimama mlangoni. Wapo watakaosema kwamba huo ni udanganyifu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atautambua kuwa ni ustadi, na atajua pia kwamba ustadi huo una mipaka yake, ambayo fanani haruhusiwi kuivuka: anaweza kubadili mpangilio na mkazo, lakini hawezi kuwafufua waliokufa wala kuwaondolea hatia walioua, kwa kuwa aliye nje ya mlango naye anakijua kisa.

Ukisikiliza masimulizi ya namna hii kwa Kiswahili, utagundua tabia moja ya lugha ambayo wahakiki wameipita kwa kudhani ni jambo la sarufi tu. Msimulizi hatumii sana kauli ya kutendwa. Hasemi mara nyingi kwamba nyumba zilichomwa, kwa maana sentensi hiyo humvuta msikilizaji aulize zilichomwa na nani, na hapo pande mbili hujitokeza mara moja. Hutumia kauli ya kutendewa: Fulani alichomewa nyumba. Fulani alifungiwa mume. Fulani alinyongewa baba. Fulani alinyang'anywa shamba. Fulani alifiwa. Katika sentensi hizi kiima ni yule aliyebaki. Nyumba, mume, baba na shamba hufuata baada ya kitenzi, kama vitu vilivyoondolewa mkononi mwake. Mtendaji anaweza kutajwa, kwa kuwa lugha haimzuii msimulizi kuongeza "na homgadi" au "na Mau Mau", lakini sentensi imekwisha kukamilika bila yeye.

Jambo hili ni la Kibantu kwa mapana yake. Kigikuyu nacho kina kitenzi cha kufiwa ambacho kiima chake ni mfiwa, na bila shaka mzee wa Kimende anaposimulia kwa Kiswahili huja na mazoea aliyoyanyonya katika lugha ya mama. Kiingereza hakina umbo hilo. Ripoti za kikoloni, mashtaka ya Githunguri, na historia nyingi zilizoandikwa baadaye kwa lugha hiyo, hata zile zenye huruma, zilikuwa na chaguo mbili tu: ama aliyeua awe kiima, ama aliyeuawa awe kiima. Aliyebaki hana mahali pa kukaa katika sentensi, labda kama shahidi. Katika usimulizi wa Lari ndiye mwenye sentensi. Mjane wa homgadi aliyechomewa nyumba na mjane wa mtuhumiwa aliyenyongewa mume wanakaa katika umbo moja la kisarufi, na pengine hapo ndipo mahali pa kwanza walipowahi kukaa pamoja.

Inafaa kuyalinganisha haya na fasihi andishi. Riwaya ya P. M. Kareithi, Kaburi bila Msalaba, iliyotoka mwaka 1969, iliuleta msitu wa Mau Mau katika Kiswahili mapema, na jina lake pekee lingeweza kuandikwa juu ya mlango wa chumba cha Kimende: wale waliohukumiwa na kunyongwa katika miaka hiyo hawakurudishiwa jamaa zao wakazikwe nyumbani, na Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Kamiti mwaka 1957, alizikwa bila alama. Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, iliyotolewa mwaka 1978, ilifanya lililohitajika wakati wake: ilimtoa shujaa katika kumbukumbu za mahakama ya mkoloni na kumweka jukwaani. Lakini tamthilia ya aina hiyo inahitaji wasaliti, na wasaliti wake hawana nyumba wala watoto. Ngũgĩ, ambaye alizaliwa Limuru, si mbali na Tigoni na Lari, na ambaye alifariki mwaka 2025, alikuwa amefanya jambo gumu zaidi miaka kumi kabla, katika riwaya yake ya Kiingereza A Grain of Wheat ya 1967. Humo homgadi Karanja anapewa nafsi na hofu zake, na msaliti mkuu ndiye anayetarajiwa kuhutubia siku ya uhuru. Hata hivyo riwaya humaliza kazi yake kwa ungamo. Yule aliyetenda husimama, akasema nilitenda. Lari haijapewa ungamo la namna hiyo, na huenda walioweza kulitoa wamekwisha kwenda nalo kaburini. Usimulizi wake umelazimika kusimama bila nguzo hiyo.

Sanamu za taifa nazo zina usimulizi wake. Ile ya Kimathi iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2007 haina utata: ni shujaa peke yake, na silaha yake. Mnara uliozinduliwa Uhuru Park mwezi Septemba 2015 una werevu zaidi. Unaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula, na kila mmoja amegeuza uso, ili akikamatwa asiweze kumtambua mwenziwe. Ni taswira nzuri mno. Imewapa wanawake nafasi, na imekiri kwamba katika vita vile kumjua mtu kwa uso kulikuwa hatari. Ila bado nyuso hizo zimegeuziana upande mmoja wa vita. Homgadi hawamo. Hawawezi kuwamo, kwa kuwa mnara wa taifa hujengwa kwa ajili ya mtu anayepita, na mtu anayepita hana muda wa kuambiwa "lakini".

Isidhaniwe kwamba chumba cha Lari hakina kasoro za kuhojiwa. Kauli ya kutendewa ni hifadhi nzuri ya mfiwa, na ni maficho mazuri ya mwuaji pia. Sentensi ambayo imekamilika bila mtendaji inaweza kumzoeza msikilizaji asimwulize kabisa. Neno amani katika jina la makumbusho lina uzito wa aina hiyohiyo: Kenya imewahi kuambiwa mara nyingi itunze amani na watu ambao walichotaka kwa hakika ni kimya. Katika habari ya ardhi, mkanganyiko huu si wa nadharia. Wakati watu wa upande mmoja wakiwa vizuizini, serikali ilikusanya na kugawa upya mashamba ya Wagikuyu, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukatia muhuri wa hati juu ya mgao huo. Waliokuwa watiifu walikuwapo shamba lilipopimwa. Waliokuwa kizuizini walirudi wakakuta mawe ya mpaka. Watu wanaweza kupeana mikono mbele ya rafu yenye fimbo na kibuyu, wakatoka nje, mmoja akaelekea ekari zake na mwingine akaelekea chumba cha kukodi. Upatanisho usiogusa ardhi una kikomo, na wazee wa Lari wanalijua hilo kuliko mhakiki yeyote.

Sheria nayo imewahi kuingia na kuupanga upya usimulizi. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamishi 5,228 walioteswa katika hali ya hatari. Ulikuwa ushindi wa haki, uliochelewa miaka sitini. Lakini fomu ya mdai ina nafasi zake, na nafasi hizo humtaka mtu athibitishe kizuizi chake na majeraha yake. Mtoto aliyechomewa mama yake Lari hakuwa na nafasi katika fomu hiyo. Hakuwa nayo vilevile aliyeuliwa baba katika kisasi cha siku zilizofuata, asiye na kizuizi cha kuonyesha wala kesi ya kutaja. Umbo la kisarufi lililokuwa limewakalisha pamoja likatenguliwa na umbo la kisheria, na wengine wakarudi kuwa na nambari, wengine bila.

Imebaki habari ya kujitolea kwenyewe. Neno hili hutumika kwa wepesi katika hotuba. Katika makumbusho ya kijiji lina maana halisi: kodi ya chumba ikifika, hutoka mifukoni mwa watu wenye mashamba ya kabichi, mwenye ufunguo akiwa na mgonjwa nyumbani, makumbusho hayafunguliwi. Wafadhili huja na miradi ya miaka miwili, wakataka picha na taarifa, wakaondoka. Watafiti huja na vinasa sauti. Masaa ya masimulizi ya wazee yametolewa vijijini kwa njia hiyo, mengine yakahifadhiwa kwa uangalifu mkubwa katika vyuo vilivyo mbali, ambako mjukuu wa msimulizi hana pasi ya kuingilia. Wapo waliofanya kazi ya kuheshimika: kitabu cha Annie Coombes, Lotte Hughes na Karega-Munene cha mwaka 2014 kuhusu turathi na upatanisho nchini Kenya kiliyachukulia makumbusho haya ya jamii kwa uzito ambao idara za fasihi za hapa nyumbani hazijawahi kuyapa. Walivyoandika ni historia na siasa ya kumbukumbu. Usimulizi wenyewe, yaani nini husemwa baada ya nini, kwa kauli ipi, mbele ya nani, na nini huachwa, umebaki bila mhakiki.

Na wakati ni mfupi. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini Machi 1953 leo amepita tisini, kama yuko. Mtoto wa miaka saba aliyeuona moto huo anakaribia themanini, au amezipita. Karibu wote wanaosimulia sasa ni watu waliosimuliwa, na kauli yao imeanza kubadilika. Kijana aliyefunzwa na wazee wa pande zote mbili huwa na tabia ya kurudi kwenye kauli ya kutendwa, kwa sababu ndiyo aliyoisoma kwenye kitabu cha shule: nyumba zilichomwa, watu 74 waliuawa. Husema sawasawa kabisa, kwa Kiswahili sanifu, na mtahini angempa alama zote. Anachokikosa hakipatikani kitabuni. Mwanafunzi wa uzamili atafutaye mada, aliyechoshwa na kuhesabu tashibiha katika diwani zilizokwisha kuhesabiwa, angeweza kukaa Kimende muhula mmoja, akarekodi kisa kimoja kikisimuliwa na watu kumi kwa hadhira kumi, kisha akaacha nakala ya kila alichorekodi katika chumba alichokirekodia.

Shule zikileta watoto, lipo swali ambalo halikosekani. Mtoto, akiwa amevumilia vibuyu na pembe na picha, hunyoosha mkono.

"Guka, wewe ulikuwa upande gani?"

Mwalimu huinamisha uso. Wenzake huacha kunong'onezana. Mzee akiwa ni wa wale wa kwanza, halijibu swali hilo kwa jina la upande wowote, wala hamkemei mtoto. Humwuliza kwanza ni mtoto wa nani, na kwao ni wapi. Kisha huvuta kiti, akaketi, akaanza na Tigoni.